Nyekundu Ndani ya Beseni

Asubuhi moja ya Juni, mtaa wa Lizaboni mjini Songea ukiwa bado umefunikwa na ukungu, Edna alimmiminia mumewe maji ya vuguvugu kwenye beseni jeupe. Sixbert akanawa uso, akajifuta, akarudi kwenye mashine yake ya kufumia masweta ya shule. Edna alipokwenda kuyamwaga yale maji aliyakuta mekundu kama nyanya iliyoiva. Haikuwa damu. Damu angeijua, maana mumewe alikuwa akiikohoa kabla hajaanza dawa.

Hakushtuka. Siku Sixbert alipoanzishiwa dawa za kifua kikuu, nesi aliwaambia wasiogope mkojo ukiwa mwekundu, ni dawa inatoka. Mkojo ukawa mwekundu kweli. Basi Edna akajua hii nayo ni dawa, ila leo imepitia machoni.

"Inatoka, Baba Remmy," alimwambia.

"Itoke tu. Imenichosha."

Kliniki hutaka mgonjwa awe na mtu wa nyumbani wa kumsimamia akimeza, na msimamizi alikuwa Edna. Kila alfajiri alisimama mbele ya mumewe na kikombe cha maji, mkali kuliko katekista. Sixbert akisema tumbo linamsokota, aliambiwa meza. Akisema nyayo zinawaka moto, meza. Alimpenda mno mwanamume huyu, na siku zile mapenzi yake yote yalikuwa ndani ya neno hilo moja.

Baada ya nyekundu ikafuata kijani. Edna aliona ni dhambi kumwaga maji mazuri namna ile, akalowekea humo, mekundu na ya kijani pia, shuka nyeupe ya harusi yao. Ilitoka na michirizi ambayo hakuna duka la Songea lililowahi kuileta. Akaishona gauni. Majirani walimsimamisha njiani kumuuliza kaipata wapi.

"Imetoka machoni mwa mume wangu," alijibu, nao wakasema imempendeza.

Kisha mwalimu mkuu akarudisha masweta. Aliagiza ya kijani, akaletewa yenye mikono myekundu. Sixbert aliyapeleka dirishani, akayageuza na kuyageuza.

"Mama Remmy, si rangi moja hii?"

Alikuwa akiutafuta uso wa mkewe, lakini macho yake yalitua pembeni, ukutani, penye kalenda ya parokia. Ndipo Edna alipoelewa ni kitu gani kilichokuwa kikitoka. 

Akamshika mumewe kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono mwingine, wakaenda hadi kliniki.

"Anakohoa?" nesi aliuliza.

"Hapana, sista."

"Uzito?"

"Umeongezeka. Lakini rangi hazioni tena."

Nesi alichungulia beseni, akatikisa kichwa. Kumbe, alieleza, kidonge kimojawapo huwa kinafanya hivyo. Kikiachwa mapema, rangi mara nyingi hurudi.

"Mbona hamkutuambia?" Edna aliuliza.

"Huwa tunawaambia mkojo," nesi alisema bila ubaya wowote. "Maji yakimwagika hayazoleki, mama." Akambadilishia vidonge, akaita mwingine.

Kwenye benchi alikaa mwanamke kutoka Mpitimbi na mumewe, Tadei, aliyekuwa anaanza dawa siku hiyo. Edna alimwinamia mwanamke huyo, akamwambia aulize na habari za macho.

"Macho?" yule mwanamke alicheka kidogo. "Wangu anaumwa kifua, dada."

Walipokuwa wanatoka, walimsikia nesi akimweleza Tadei asiogope mkojo mwekundu.

Dozi ilipokwisha, kwenye kadi ya Sixbert iliandikwa amepona, na kifua kilikuwa kimepona kabisa. Edna alikuwa amelowesha kitambaa kwenye maji yale na kumkanda macho jioni baada ya jioni, bila faida. Mashine ya kufumia ilifunikwa khanga.

"Wanasema gauni lako zuri," Sixbert alimwambia.

Edna alichukua kidole cha mumewe, akakipitisha juu ya michirizi, taratibu. "Hapa nyekundu. Hapa kijani."

"Haya," alisema Sixbert.

Kesho yake alfajiri Edna alijikuta amesimama mbele yake na kikombe, na Sixbert amekinga kiganja.

"Vimekwisha, Baba Remmy."

"Basi nipe maji ninawe."

Akanawa. Edna akayatazama maji kwa muda mrefu. Yalikuwa meupe, hayana kitu. Akatoka nje, akayamwaga.