Pazia Katikati ya Boti

Siku ile mjinga alikuwa fundi cherehani. Tuliseme mapema lisitukwaze huko mbele, na wala si siri, maana mwenyewe hulisema kabla hujamuuliza, pini zikiwa bado mdomoni: "Mjinga nilikuwa mimi. Shemeji alikuwa wa pili, lakini nilimwacha mbali."

Chanzo kilikuwa boti. Baba mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa pampu za maji na mvuvi wa besi, yule samaki wa maji baridi mwenye mdomo mpana kama mfuko wa koti. Aliacha watoto wawili na boti moja ya mbao, na kwa kuwa hakutaka kumpendelea mtu, aliigawa. Alimwita mwanawe wa kiume, mwalimu wa udereva, akamwambia, "Wewe unapenda injini, chukua nyuma." Akamwita binti yake, mkunga, ambaye ndiye mke wa fundi wetu, akamwambia, "Wewe unapenda kuona unakokwenda, chukua mbele." Kisha akageukia ukutani akafa kwa amani, akiamini ametenda haki.

Mkunga alikuwa na kazi yake wodini, hakupata nafasi ya kwenda bwawani. Akamwambia mumewe, "Nenda ukanikalie kwangu, pasije pakaoza." Fundi akaenda, akakaa, akanogewa. Haukupita muda kichwa kikaanza kuvimba. Mwanzoni alisema "kwa mke wangu," halafu ikawa "kwetu," na mwisho akawa anawaambia wateja, huku akiwapima kiuno, "Nikiwa kwenye boti yangu..."

Sasa, boti yenye wenyewe wawili ina akili mbili. Fundi alichora mstari katikati kwa chaki ya kukatia nguo, ukanyooka kama upindo wa suruali. Nanga ilikuwa upande wake, injini upande wa shemeji. Fundi akiona mahali panapofaa, anashusha nanga: "Huku tumesimama!" Shemeji naye anavuta kamba ya injini: "Huku tunaondoka!" Basi boti inabaki kuzunguka nanga kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na besi wote wa bwawa wamehamia ng'ambo. Mvuvi yeyote mwenye akili atakwambia kwamba besi humfuati kwa kelele. Unazima injini mbali, unasogea kwa kasia, hubwagi ndoo, hugongi ubao kwa kisigino. Hawa wawili hata kukohoa walikohoa kwa kushindana.

Halafu shemeji akafunga vioo. Ndiyo, vioo vya pembeni vya gari, kimoja kulia na kingine kushoto, alivitoa kwenye gari bovu la shule yake ya udereva akavikaza kwa skrubu ubavuni mwa boti, mbele kidogo ya mahali anapokaa fundi.

"Usalama wa chombo," alisema.

Lakini fundi akashtukia kwamba kila chambo anachofunga, shemeji naye anafunga cha rangi ile ile. Akageuza shingo, akaona jicho la shemeji limetulia ndani ya kioo cha kushoto, linamtazama mapajani.

"Shemeji, unaniibia."

"Mimi natazama barabara tu, shemeji."

"Barabara imepita mapajani kwangu?"

Maneno yakazaa maneno. Fundi akasema boti hii haivuliki ikiwa na watu wawili. Shemeji akasema hilo ndilo neno la kwanza la maana kulisikia kutoka upande wa mbele. Mwisho wakakata shauri: Jumapili ijayo, atakayetangulia kumwingiza botini besi wa urefu wa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, achukue boti nzima.

"Nzima nzima?" fundi akauliza.

"Mbele na nyuma. Na vioo vyake."

Wakapeana mikono. Fundi alifika nusu ya njia ya kurudi nyumbani ndipo alipozinduka. Mkono aliotoa ulikuwa wake, sawa, lakini mbele aliyoiweka dau ilikuwa ya mkewe. Kitu pekee alichoachiwa na babake, na yeye ameshakitia mchezoni bila hata kumnong'oneza. Akishindwa atamwambia nini? Yule ni mwanamke ambaye watu wazima hulia mbele yake tangu asubuhi mpaka jioni, naye huwaambia, "Lia, lakini sukuma." Huruma hapo usitegemee.

Kwa hiyo ilikuwa lazima ashinde. Akajifungia kwenye kibanda chake cha kushonea, akashona chura. Usicheke. Besi hula kwa njaa, lakini hula zaidi kwa hasira. Kitu kikijipitisha mlangoni kwake kwa madaha, hukikamata ili kukifunza adabu. Fundi alichukua mabaki ya satini ya kijani ya gauni la msimamizi wa harusi, akajaza sponji tumboni, akatia macho ya vifungo, na ndoana mbili akazilaza mgongoni zimegusana na kitambaa ili zisinase kwenye magugu. Akazinoa kwa tupa mpaka ncha ikiguswa na ukucha inagoma kuteleza. Alipofunga mshipi akalilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana fundo likikazwa kavu huungua kwa msuguano, na litakuja kukatika saa ile ile unapowaita watu waje waone. Yote hayo sahihi kabisa. Kama angekomea hapo, tusingekuwa na cha kusimulia.

Ila alikumbuka vile vioo. Chura kama huyu shemeji amwone? Akaona dawa ni moja tu, pazia.

Kibandani hapakuwa na kitambaa kizito cha kutosha. Akaingia sebuleni, akainua macho dirishani. Lilikuwa pazia alilomshonea mkewe kwa mikono yake, zito, lenye bitana na marinda, la kuzuia jua la mchana na macho ya majirani. Jumapili mkunga angekuwa zamu tangu alfajiri hadi jioni. Litarudi kabla hajavua viatu.

Asubuhi ya Jumapili shemeji alifika gatini akakuta boti yake imekuwa vyumba viwili. Nguzo mbili za mianzi zimesimama kulia na kushoto, mpini wa ufagio umekaa juu, na pazia limeshuka hadi kwenye mstari wa chaki, limefungwa chini kwa kamba.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Usalama wa chombo."

"Sioni mbele!"

"Ya mbele si yako."

Shemeji akavuta pumzi kama anavyovuta mwanafunzi wake anapopanda ukingo wa barabara. Akakaa kwenye injini yake. Wakaondoka, mmoja akiendesha asikokuona na mwingine akitazama asikoendesha.

"Kushoto, shemeji! Kushoto kidogo... kushoto kwangu!"

"Kushoto kwako na kwangu si kumoja? Si tumeelekea upande mmoja?"

"Mimi nimekugeuzia uso nihakikishe huchungulii!"

Walipofika katikati ya bwawa upepo ukaamka. Ulitokea nyuma, taratibu, ukapapasa marinda, ukapenda. Pazia likavimba. Likamgusa fundi mgongoni, halafu likamsukuma.

"Shemeji, usinisukume!"

"Nani akusukume? Mimi niko huku!"

"Basi punguza mwendo!"

"Nimeshazima injini!"

Hapo wote wawili wakashika ubao, maana boti ilikuwa inakata maji kwa kasi ambayo haijawahi kuiona tangu itoke kwa seremala. Povu lilikuwa linapanda pande zote mbili.

"Mbona tunakwenda?" shemeji akapaza sauti.

"Wewe ndiye dereva!"

"Na wewe ndiye uko mbele! Kuna nini mbele?"

Mbele kulikuwa na ghuba ndogo ya magugu maji, na visiki vya miti iliyozama zamani bwawa lilipojazwa. Fundi hata nanga hakuikumbuka; alitaka kulifungua pazia, lakini chini alikuwa amelifunga kifundi, fundo juu ya fundo, kazi ya mtu asiyetaka mteja arudi kulalamika. Akatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mfukoni mwa shati, na shati lilikuwa chini ya pazia, na pazia lilikuwa limemkumbatia shingoni. Shemeji kwa upande wake akawasha injini akaitia gia ya kurudi nyuma, "breki ya dharura," kama alivyoeleza baadaye kwa kila aliyeuliza na ambaye hakuuliza. Panga la injini likameza kilo nzima ya magugu, likakoroma, likafa. Boti ikapenya majani, ikagusa kisiki kwa upole, ikatulia.

Wakanuniana. Fundi upande wake, shemeji upande wake, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, na hakuna aliyesogeza hata mguu. Upepo nao ukalala. Maji yakawa kama kioo cha duka. Na hivyo, kwa hasira tupu, wakafanya yale yote ambayo marehemu aliwahubiria miaka nenda miaka rudi: wamefika penye magugu na visiki, injini haina sauti, kivuli hakichezi, midomo imefungwa.

Fundi akamtoa chura wake. Akamrusha mbali kupita uwazi uliokuwa katikati ya magugu, akamwacha akae mpaka viduara vya maji vikapotea vyote. Akamvuta kidogo. Akamwacha. Akamtikisa kama anayecheka kimoyomoyo. Maji yakafunguka, chura akamezwa kwa sauti ya mlango wa gari la bei mbaya. Mkono wa fundi ukataka kuvuta papo hapo. Akauzuia, akainamisha fimbo, akangoja mshipi ukaze, ndipo akavuta kwa nguvu zake zote.

Samaki akaja mbio kuelekea botini, akapiga mbizi chini yake, akatokea nyuma.

Shemeji, ambaye wakati huo alikuwa ameinama anatoa magugu kwenye injini, akaona besi mkubwa anajileta mwenyewe mpaka puani. Hakuuliza ametoka wapi. Akashika wavu wa mkono, akamkomba.

"Nimepata!" akalia.

"Nimepata!" akalia fundi upande wa pili wa pazia, maana mshipi ulikuwa umekaza kama uzi wa cherehani.

"Umepata nini wewe?"

"Besi! Wewe je?"

"Besi!"

"Hongera, shemeji!"

"Na wewe, shemeji!"

Kwa nukta ile moja walipendana. Kisha fundi akaanza kukunja mshipi, na wavu wa shemeji ukaanza kumponyoka.

Ubishi walioufanya kutoka pale hadi gatini, wakipiga kasia kila mtu upande wake na samaki akiwa ndooni juu ya mstari wa chaki, ungetosha kuendesha mahakama ndogo. Fundi: chura wangu, mshipi wangu, mdomo wake ulinaswa kwangu. Shemeji: makubaliano yalisema atakayemwingiza botini, naye ameingia kwa wavu wangu, upande wangu. Fundi: kwa hiyo mtu akigonga hodi mlango wa mbele, ukamfungulia wa nyuma, ni mgeni wako? Shemeji: barabarani anayeingia njia yangu bila kuonyesha taa ni kosa lake.

Gatini palikuwa na watu, na watu walikuwa wanacheka. Mbele yao alisimama mkunga, bado na sare ya kazini, mikono kiunoni. Zamu ilikuwa nyepesi siku hiyo wakamruhusu mapema. Alifika nyumbani akakuta dirisha liko uchi na jirani anampungia mkono.

"Pazia langu lina kazi gani huko?" akauliza.

Shemeji akaona nafasi.

"Dada, umekuja wakati mzuri, tuamulie. Huyu samaki ni wa nani? Maana mwenye samaki anachukua boti nzima."

"Boti nzima," mkunga akarudia polepole. "Na mbele ameiweka dau nani?"

Shemeji akajifanya anakagua kioo chake cha kulia. Fundi akatazama viatu.

Mkunga akaingia botini, akatia mkono ndooni, akamshika besi taya la chini kwa kidole gumba, mkono mwingine chini ya tumbo, vile vile anavyopokea watu wanapokuja duniani. Akamtoa yule chura wa satini mdomoni, akainama, akamshusha majini, akamwachia ajitulize kidogo. Mkia ukapiga mara moja, basi.

"Dada!" shemeji akashika kichwa. "Sasa tutajuaje nani kashinda?"

"Hamtajua. Kaka, rudi nyuma ukae kwako."

Shemeji akarudi nyuma akakaa kwake, mpole kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa kuegesha. Lakini fundi, na hapa ndipo alipowaacha wenzake wote mbali, alikuwa bado amekalia ubao wa mbele na fimbo mkononi, na moyo ukamwambia ajitetee.

"Mke wangu, taratibu basi. Mimi ndiye ninayeikausha boti hii, mimi ndiye ninayeipaka rangi, watu wote hapa wananijua kwa boti hii. Kweli na mimi sina changu humu?"

Mkunga alikuwa anafungua mafundo ya pazia lake, hata hakuinua uso.

"Baba alimwachia kaka nyuma, mimi akaniachia mbele. Wewe alikuachia mimi. Haya, shuka nikae."