Mstari Shingoni

"Tulia, nimesema!" Fundi cherehani alimbana binti yake kati ya magoti, akamsugua shingo kwa dodoki. Povu lilitiririka, lakini ule mstari mweusi haukutoka.

"Mama, inauma. Nimeoga asubuhi."

"Umeoga, au umeyaonyesha maji uso?"

Wifi yake, aliyekuwa akishona vifungo, akacheka. "Muache mwanetu. Mtoto kunona ni sifa ya nyumba. Sisi tulikuwa mbavu nje."

Fundi naye aliamini hivyo. Sketi ya shule ilipobana, aliifumua pembeni, akatia kipande, akapiga pasi. Mtoto akaivaa bila kujua kwamba ameongezeka. Mama mwenyewe alilijua hilo, akaliita baraka.

Muuguzi aliyekuja kuchukua gauni lake la kazi alisimama mlangoni, macho kwenye shingo ile.

"Dada, utamchubua bure. Huo si uchafu."

"Ni nini basi?"

"Anakunywa maji sana? Usiku anaamka kukojoa?"

"Kila usiku, anti," mtoto akajibu kabla ya mama. "Na nikipanda ngazi za shule, pumzi inakata."

"Weusi huo wa shingo waweza kuwa dalili. Mlete kesho tumpime sukari. Asile kitu kabla."

"Sukari!" Wifi akaruka. "Si ugonjwa wa wazee huo?"

"Siku hizi hauulizi umri, mama."

Dodoki lilimdondoka Fundi. Shingo ya mtoto ilikuwa imewiva kwa kusuguliwa. Ee Mungu, mikono hii imefanya nini?

Asubuhi mtoto aliamka na njaa. "Mama, chai."

Fundi hakuwahi kumnyima kitu. Wifi alikuwa ameshafungua soda. "Mpe japo funda moja, asije akaanguka njiani."

"Hapana, wifi."

"Roho mbaya imekuanza lini?"

Fundi aliitwaa chupa, akaimwaga uani. Mtoto akaangua kilio, akalia njia nzima. Fundi alimshika mkono, akaomba kimoyomoyo, Ee Mungu, Ee Mungu, maana maneno mengine yote yalikuwa yamemkimbia.

Kwenye zahanati muuguzi alikifuta kidole cha mtoto kwa pamba. "Mtazame mama, mwanangu."

Mtoto akamgeukia, kope zimelowa. Tone la damu lilipanda taratibu kwenye ncha ya kidole. Fundi hakulitazama. Alimtazama binti yake, akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

Muuguzi akakisogeza kimashine cha kupimia sukari kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma namba mara mbili, kisha akavuta karatasi ya rufaa ya hospitali kubwa.