Jasho la Shamba Lililolala

"Ng'ombe makumi tano, Mama Tania! Makumi tano! Na we unasema tuziache zikunywe?"

Fabien, prezida wa kamati yetu ya maji hapa Lubondja, alipaza sauti hadi wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya mfereji wakasimamisha majembe. Mpunga ulibakiza siku kumi utoe maua, na mashamba ya chini yalikuwa yameanza kupasuka kwa ukavu. Kamati ilitaka kuziba kwa miiba njia ambayo Muhoza, mfugaji, hupitisha ng'ombe wake kwenda kunywa. Muhoza mwenyewe alikuwa amesimama mbele yetu.

"Muzibe," alisema. "Kesho zitapita ndani ya mupunga."

"Unatutisha?"

"Hapana, prezida. Ng'ombe haisomake barua ya kamati."

Watu wakacheka. Fabien hakucheka. Niliwaambia wote wawili wanyamaze; mimi ndiye mwandishi wa kamati, nilisomea kilimo Bukavu miaka mitatu, na hesabu nilikuwa nayo.

Jana yake nilikwenda Baraka penye mtandao mzuri, nikavuta kwenye simu ramani ya bonde letu. Setilaiti hupima kutoka juu joto la ardhi na ukijani wa mimea. Kutokana na hayo hukadiriwa maji yanayopotea hewani kutoka kwenye udongo na majani. Sisi tunayaita jasho la shamba.

"Ng'ombe moja inakunywa litre makumi ine kwa siku," nikasema. "Zote za Muhoza, elfu mbili. Hekta moja ya mupunga inatoa jasho litre elfu makumi tano. Hata ramani ikikosea kidogo, Fabien, ng'ombe hazimalizake maji."

"Sasa inaenda wapi?"

Hapo nilitamani kuzima simu. Sikuizima. Juu kabisa ya mfereji, kabla maji hayajamfikia mtu yeyote, kulikuwa na doa la buluu nzito: shamba linalotoa jasho jingi kuliko mpunga wenyewe.

"Kwetu," nikasema.

Mama mkwe wangu, Marthe, alizikwa mwezi wa pili. Familia ikakata shauri kwamba hakuna atakayegusa shamba lake hadi mwaka wa kilio utimie. Basi hata mlango wake wa maji hakuna aliyeufunga. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwenda kuhakikisha kwa miguu yangu. Matete yalinipita kichwa, maji yalifika magotini. Hekta moja na nusu, inakunywa usiku na mchana, haitoi hata punje.

"Pale hapana gusa," alisema mume wangu, Anatole, akitoka katikati ya watu. "Ile mulango, ni Mama aliifungula na mikono yake."

"Najua, Baba Tania."

"Basi ngoja tuite bandugu. Siku ya yenga, nyuma ya misa."

"Siku ya yenga mupunga ya Mama Fanny kule chini itakuwa majani ya mbuzi."

"Bantu batasema mukwe alivunja kilio."

"Baseme. Mama yako alikuwa anagombana na kila mutu mwenye kuacha maji bure. We mwenyewe alikuchapaka juu ya ile."

Nilichukua jembe na kupanda kufuata mfereji, wote wakanifuata.

Ubao wa kufungia mlango ulikuwa umelala kwenye ukingo, umeota kuvu. Niliingia majini na kitenge changu, nikaushindilia kwenye mwanya, nikaanza kuziba pembeni kwa udongo. Ukavuja. Nikaongeza. Muhoza akainama, akanipa bonge la matope yenye nyasi. Fabien akaleta jingine.

Anatole alibaki juu ya ukingo, mikono mgongoni. Hakunisaidia, wala hakunizuia.

"Kanyaga kushoto," alisema mwishowe. "Kungali kunatoka."

Nikakanyaga. Maji yakapinda, yakashika njia ya chini.