Mafuta ya Kwenda Loki

Siku hiyo Kapteni Namuria alikuwa na adui mmoja tu, na adui huyo hakuwa na bunduki. Lilikuwa vumbi la Lodwar. Lilianza kuinuka saa sita, likaufunika mji mzima, na mtabiri wa hali ya hewa kule uwanjani akamwambia kwa redio kwamba hata uzio wa mbele ya dirisha lake hauoni.

"Litatulia lini?" Namuria akauliza.

"Afande, laweza kutulia nusu saa ijayo, laweza kulala nasi hapa. Usiniapishe."

Namuria alikuwa Kakuma, amesimama kando ya helikopta ya jeshi, jua la saa nane likimchoma utosini. Kwenye kivuli cha gari la zahanati, juu ya machela, alilala Achol, mshona nguo wa kambi ya wakimbizi. Alfajiri alikuwa amejifungua mtoto wa kike, ambaye sasa alikuwa mikononi mwa jirani, na tangu hapo damu ilikataa kukoma. Daktari wa kumpasua alikuwa Lodwar. Barabara nayo ilikuwa imekatwa na mafuriko siku ya nne sasa, kwa hiyo njia ilibaki moja tu, ya juu.

"Lodwar wana chupa moja tu ya damu ya kundi lake," alisema Nyawech, muuguzi, mikono yake yote miwili ikiwa imelikandamiza tumbo la Achol. "Moja haitoshi. Huyu kaka yake ndiye mwenye damu kama yake. Lazima twende naye."

"Mtoeni damu hapa hapa, tuibebe."

"Kwa mifuko gani, Kapteni? Iliisha juzi. Mingine iko kwenye lori, na lori liko ng'ambo ya mto."

Kaka mwenyewe, Thon, alisimama kando ya machela. Mrefu huyo! Ukiongea naye unaongea na anga. Shati alikuwa ameshakunja mkono, utadhani sindano inamngoja palepale.

Sasa hapa ndipo pagumu, na afadhali nipaeleze polepole. Watu wa chini hudhani mafuta ya ndege ni kitu cha kujaza tu, jaza uende. Mafuta yana uzito, jamani. Na rubani anayeruka ndani ya vumbi haoni ardhi. Anaruka kwa kutazama vyombo, lazima na mwenzake wa kumsomea, na anayeruka hivyo sheria inamdai mafuta ya aina tatu. Ya kufika anakokwenda. Ya kwenda uwanja mwingine endapo pale pamefungwa. Na ya nusu saa ya akiba juu ya hayo. Uwanja mwingine uliokuwa wazi siku hiyo ni Lokichoggio, kule wanakokuita Loki, na kutoka Lodwar ni mwendo wa saa nzima. Saa nzima kwa helikopta ile ni kilo mia mbili na sabini. Kurudi Kakuma hakuhesabiki, maana pale hakuna mtabiri wala chombo cha kumwongoza rubani vumbi likihamia huko.

Luteni Shadrack, rubani msaidizi, aliandika hesabu kwenye karatasi ya safari, akafuta, akaandika tena. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na tisa, na hewa ya joto hainyanyui mzigo. Viti vya nyuma walikwisha kuving'oa. Sanduku la vifaa lilikuwa chini. Sajenti Ekuru, fundi wao, alikuwa ameshajishusha mwenyewe bila kuambiwa: "Mimi nabaki, afande. Nyama ya Kakuma ni tamu kuliko ya kambini kwetu."

"Imebaki nafasi ya kilo kumi na mbili," alisema Shadrack.

Walimpima Thon kwenye mizani ya kupimia mahindi ya posho. Themanini na tatu. Thon alitazama sindano ya mizani, akashuka, akavua viatu. Akapanda. Akashuka, akatoa simu, mkanda, saa, hata rozari akamkabidhi Ekuru. Akapanda tena.

"Themanini na moja," alisema kwa sauti ndogo. "Kapten, mimi jana sikula. Leo pia sikula."

Mungu wangu! Namuria aligeuza uso. Mtu angempiga kofi asingemuumiza vile.

"Afande," Shadrack alimnong'oneza, "tukipunguza mafuta ya Loki anaingia. Huenda vumbi litakuwa limetulia."

"Na lisipotulia?"

Shadrack akairudia karatasi yake, kwa sababu naye alimjua Asekon. Kila mtu kikosini alimjua. Mzaliwa wa kijiji cha Lopur, hodari, mcheshi, rafiki wa Namuria tangu chuo cha urubani. Mwaka juzi Asekon aliruka na mafuta ya kufika tu, akitumaini anga itafunguka. Haikufunguka. Alizunguka juu ya vumbi mpaka injini zikazima, na watu sita wakaenda naye. Namuria ndiye aliyeokota kofia yake mlimani walikoanguka.

Alimwendea Thon. "Kaka, ejok," alimsalimu kwa Kiturkana. "Mimi ni wa huku huku, nimezaliwa Kalemng'orok. Sikuachi kwa dharau. Nikikuchukua nipunguze mafuta, vumbi likitukatalia, tunakufa wote, na dada yako ndani. Nampeleka, halafu narudi kukuchukua. Nakuapia."

Thon alimtazama. "Kapten ndiye anajua," alisema. Akainama, akamwambia dada yake maneno kwa Kidinka, na Achol akafungua macho, akakishika kidole chake. Nyawech ndiye aliyewaachanisha.

Walipaa saa tisa kamili.

Kwa dakika thelathini waliruka ndani ya rangi ya ugoro. Namuria hakuondoa macho kwenye vyombo. Shadrack alisoma urefu, mwelekeo, dakika. Nyuma, Nyawech alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, na kila alipoukatiza Namuria aliogopa. Halafu, kilomita kumi na tano kabla ya Lodwar, vumbi likaachia ghafla. Chini kukaonekana mto, mikoma, mabati yanayong'aa, barabara na pikipiki zake. Anga nyeupe, safi, kana kwamba hakujawahi kutokea lolote.

Shadrack alikohoa. Macho yake yalikwenda kwenye kipimo cha mafuta, na ya Namuria yakayafuata. Kilo mia nne na tano. Mafuta ya Loki na ya akiba yalikuwa mle mle, hayajaguswa hata tone. Wangeweza kuwabeba akina Thon watatu.

Gari la hospitali lilikuwa linangoja. Machela iliposhushwa, Namuria hakuzima hata injini. "Tunarudi," alisema. Hawakuhitaji kujaza, mafuta yaleyale yangewafikisha Kakuma na akiba ikabaki.

Redio iliwapata wakiwa wameshaiona Kakuma. Sauti ilikuwa ya Nyawech, kutoka hospitali, kupitia mnara wa Lodwar. Chupa ile moja ilikuwa imekwisha, daktari alikuwa amejaribu, Achol amefariki. "Mwambieni kaka yake taratibu," alisema, kisha akalia hewani, kila rubani wa Turkana akimsikia.

Thon alikuwa amesimama palepale walipomwacha, pekupeku juu ya mchanga wa moto, viatu mkononi, mkono wa shati umekunjwa. Helikopta ilipogusa chini alikimbia akiwa ameinama. Namuria alizima injini. Thon alipoona mapangaboi yanapunguza mwendo, naye akapunguza, mpaka akasimama.

Namuria alishuka, akamwambia. Hakuzungusha maneno.

Thon alikaa chini. Kisha akauliza, "Vumbi ilikuwa mbaya?"

Angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angemlaumu. "Mwisho lilifunguka," alisema. "Lodwar kulikuwa kweupe."

"Na ile mafuta ya Loki?"

"Ndiyo yaliyotuleta hapa." Machozi yakamtoka mbele ya luteni wake na sajenti wake, na hakuyafuta. "Nisamehe, kaka."

Thon alikung'uta mchanga nyayoni, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, akafunga kamba vizuri. Ekuru akamrudishia rozari, simu, mkanda na saa, kimoja kimoja.

"Nataka kwenda kukaa na yeye," alisema. "Sasa nafasi iko?"

"Iko."

Shadrack alikuwa ameshatoa karatasi mpya ya safari, maana sheria ni sheria, kila abiria lazima aandikwe uzito wake. Alishindwa kuuliza. Kalamu aliiweka tu kwenye mstari wa uzito.

"Andika themanini na tatu," Thon alimwambia. "Saa hii nimevaa viatu."