Mwandishi Mwenza

Wakubwa wakikosa kazi ya kufanya hutafuta kitu cha kuhesabu. Mkurugenzi mpya wa ile taasisi ya utafiti wa mazao alikipata cha kwake hata kiti hakijapata joto. Alitundika runinga pana ukutani, pale ngazi zinapoishia, na ndani yake yakawa yanapanda na kushuka majina ya watafiti kumi. Hakuhesabu ghala lililookolewa wala mkulima aliyeshiba. Alihesabu nukuu, yaani makala ya mtu imetajwa mara ngapi, mwaka huu, ndani ya makala za watu wengine. Ukitajwa sana, unapanda. Usipotajwa unashuka, hata kama wadudu wote wa dunia wamekufa kwa mkono wako.

Halafu akaongeza sheria. Kwa kuwa vyumba vya maabara ni vichache, aliye kwenye kumi bora ana chumba, na akitoka kwenye kumi, chumba kinarudi. Sheria hiyo aliiandika mbio mbio, kama wanavyoandika zote, akasahau kutia maneno mawili: aliye hai.

Ndivyo mke wa fundi bomba alivyobaki na chumba chake ilhali yeye mwenyewe yuko kaburini.

Huyo fundi bomba alikuwa mfanyakazi wa taasisi hiyo hiyo, mtu wa spana na mabomba, shule aliiacha kabla haijamzoea. Mkewe alianza hapo kwa kuosha chupa za maabara, akasoma jioni, akasoma likizo, mpaka akawa daktari wa fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani. Watu wakasema, daktari na fundi bomba, mezani wanaongea nini? Walikuwa wakiongea vizuri tu. Mwanamke yule alikuwa na mtindo wa kutembeza vidole viwili juu ya mkono wa mumewe, akimwonyesha fukusi anavyozunguka punje kabla ya kuitoboa, na mume alicheka kila mara kama hajawahi kuuona mchezo huo.

Sasa kila mchana fundi alifungua kile chumba, akaketi kwenye kigoda cha mkewe, akala chakula chake katikati ya chupa za fukusi wakavu. Koti jeupe la mkewe lilikuwa bado liko nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kumwambia toka. Runinga ilisema mwenye chumba ni wa nne.

Walio hai waliumia roho. Mtafiti mmoja, dada mwenye sauti ya kupasua vioo, alisimama siku moja chini ya ile runinga akalia wazi wazi:

"Jamani! Mimi wadudu wangu nawafuga chini ya ngazi, pamoja na ndoo za kudekia, na mtu tuliyemzika ana chumba chenye dirisha! Sisi tunakesha, marehemu anapanda!"

"Basi na wewe kapumzike alikopumzika uone kama utapanda," fundi akamjibu, akapita na mabomba yake begani.

Kijicho chao kilimshibisha kuliko chakula. Maisha yake yote yeye ndiye aliyewaonea watu wivu, wivu wa tai zao, wa viyoyozi vyao, wa namna walivyosema "mchakato" bila kujikwaa. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho wao walikitaka.

Utamu huo ulikatwa na sekretari wa mkurugenzi, mama mcheshi aliyekuwa rafiki wa marehemu na aliyemwita fundi shemeji.

"Shemeji, hongera! Mwenzetu kafika wa tatu. Ila apewe haki yake Daktari Tai, maana anamnukuu mno."

Fundi akaweka spana chini. "Nani anamnukia nani?"

"Anamnukuu, shemeji, siyo anamnukia! Toba! Kumnukuu ni kumtaja kwenye maandishi. Kila makala anayotoa yule bwana, jina la mkeo limo. Bila yeye mngeshaporomoka zamani."

Daktari Tai aliitwa hivyo kwa sababu ya ile tai ya shingoni ambayo hakuivua hata ghalani. Alikuwa amefanya utafiti na marehemu miaka mingi. Fundi hakuwahi kumpenda, lakini alikuwa amejikausha, kwa sababu mwanamume hamzuii mkewe kazi. Sasa sekretari akamgeuzia kompyuta amwonyeshe, kwa nia njema kabisa. Ile makala yao kubwa ya fukusi ilikuwa pale. Jina la mkewe, mwandishi mkuu. Chini yake, limebanana kama watu kwenye benchi, jina la Daktari Tai, na mbele yake: mwandishi mwenza.

Fundi hakuwa msomaji, lakini neno hilo la mwisho alilijua. Lilikuwa kwenye kadi ya hospitali ya mkewe. Lilikuwa kwenye kibali cha mazishi. *Jina la mwenza*, na mbele ya maneno hayo alikuwa ameandika jina lake yeye, kwa herufi kubwa, mkono unatetemeka.

"Mwenza," alisema.

"Ni maneno yao tu, shemeji. Maana yake waliandika pamoja."

"Nimesoma. Usinisomee."

Tangu hapo kila alichokumbuka kilibadilika rangi. Zile simu za jioni, mkewe akicheka na kusema "rudia hilo jedwali." Zile safari za kukagua maghala. Siku ya mazishi Daktari Tai alilia mpaka akashikwa mabega, na yeye, mume, macho yalikuwa makavu kama changarawe. Watu walisema nini siku ile? Na hii ya sasa ndiyo ilimchoma zaidi: yule bwana alikuwa anaendelea kumwandika. Mwanamke yuko chini ya udongo na bado kuna mwanamume anayeamka asubuhi na kuandika jina lake. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwandikia mkewe hata salamu.

Alimvamia Daktari Tai ofisini bila kubisha hodi.

"Karibu, kaka. Kaa."

"Sikai. Nauliza. Mwenza wa mke wangu ni nani?"

Daktari akashusha miwani. "Ni wewe, kaka. Hilo linahitaji kuulizwa?"

"Mbona umejiandika wewe?"

"Ah. Hilo ni neno la kazi. Aliyeandika naye..."

"Litoe."

"Siwezi kulitoa, makala ilishachapishwa."

"Basi acha kumtaja. Kila ukikohoa unamtaja. Ulimpenda?"

Daktari aliivuta tai yake kidogo, kama inayomkaba.

"Nilimheshimu sana."

"Mimi sikukuuliza heshima."

"Kaka, nisikilize. Ile kazi ni yake, namtaja kwa sababu ni yake. Na kuna chumba. Wewe unajua, mimi najua, mkurugenzi anasubiri ashuke tu. Ukinikataza nitaacha, wewe ndiye mwenye haki ya kunikataza. Lakini atatoka kwenye kumi."

Hapo mtu mwenye roho tulivu angeomba siku mbili afikirie. Fundi aliona kitu kimoja tu, kwamba huyu bwana anamfanyia fadhila, na kwamba kile chumba, kigoda na koti na dirisha lile, alikuwa anavikalia kwa hisani ya kalamu ya mwanamume mwingine.

"Acha," alisema.

Daktari akaacha. Hilo nalo lilimuudhi fundi, kwamba bwana yule aliacha kweli, kiungwana, bila ubishi. Kila Jumatatu runinga ilipobadilishwa, jina la mkewe lilikuwa chini zaidi. La sita. La nane. Yule dada wa chini ya ngazi akaanza kupima madirisha kwa macho. Fundi alikula mchana wake taratibu, akitafuna kila tonge kama anayelitolea ushahidi, na alipoulizwa alisema wakubwa wamechezea mitambo. Na kwa kweli, nani aliyewatuma wahesabu watu kama magunia? Wangeacha mambo yalivyokuwa, asingejua nani anamtaja nani.

Jina lilipofika la kumi, sekretari alimfuata mpaka kwenye tangi la maji, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Shemeji, leo usinijibu kwa hasira. Daktari Tai ana makala inaondoka kesho. Anauliza, amtaje au asimtaje? Akimtaja, na wanaomsoma yeye watamtaja, chumba kinabaki. Asipomtaja, Jumatatu wanatoa vitu."

Fundi alikaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Mwenyewe yuko wapi? Mbona anakutuma?"

"Anakuogopa."

Kusikia hivyo kulimpendeza, na kupendezwa huko ndiko kulikomharibu. Neno "amtaje" lilikuwa limefika kwenye meno. Alimwona yule bwana ameketi mbele ya karatasi, kalamu juu, akisubiri ruhusa ya kuandika lile jina. Akaona ataliandika vizuri, kwa mkono usiotetemeka.

"Asimtaje."

"Shemeji, mbona unamfukuza mkeo mwenyewe?"

"Wanaomfukuza wako ghorofani. Waulize wao."

Jumatatu wakatoa vitu. Fukusi wakavu wakamwagwa. Koti fundi alilichukua mwenyewe, akalikunja chini ya kwapa kabla mtu hajaligusa. Na kwa kuwa mtu mmoja akitoka kwenye kumi wote wa chini yake hupanda, aliyepanda mpaka nafasi ya kumi alikuwa mtu ambaye muda wote huo alikuwa wa kumi na moja, nje kidogo tu ya runinga, akimsukuma marehemu juu kwa nukuu zake mwenyewe. Chumba kikaenda kwa Daktari Tai.

Fundi aliitwa kesho yake kuunganisha sinki jipya. Alimkuta bwana huyo amesimama katikati ya chumba, hajafungua hata boksi moja.

"Sikukiomba, kaka. Naapa."

"Najua. Mngejua kuomba mngekuwa watu."

"Njoo ule hapa mchana, kama kawaida. Kigoda nimekibakiza."

Fundi alikitazama kile kigoda, kisha akamtazama mwenye chumba, ile tai, yale macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Akapiga magoti chini ya sinki. Kila kitu kilikuwa sawasawa na maji yalikuwa tele. Akaifunga valvu kwa nguvu zake zote, akainuka, akajifuta mikono.

"Humu maji hakuna," alisema. "Hakuna mpaka wakubwa walete vipuri."

"Watachukua muda gani?"

"Si unawajua," fundi alimjibu, akakivuta kigoda cha mkewe, akakibeba, akatoka nacho.