Mkebe wa Kadi za Meshack

Sila alikuwa ameshafika umri wa kuitwa baba fulani, lakini pale Nzuguni, Dodoma, watu walimwita Sila Kadi, naye aliitika. Alikuwa mhudumu wa duka la stesheneri karibu na stendi kuu ya mabasi. Kutwa nzima alitoa kopi, alichapa barua za watu wanaoomba kazi, alipiga picha za pasipoti. Kilichobaki baada ya kodi ya chumba na unga kiliishia kwenye kadi za wachezaji wa mpira. Si hizi mpya za Ulaya zinazong'aa. Hizo ni za wenye nazo. Yeye alikusanya kadi za zamani, zile ndogo zilizokuwa zikitoka ndani ya karatasi ya bigijii alipokuwa mtoto, kila bigijii na mchezaji wake wa ligi ya nyumbani. Kiwanda kilikufa zamani. Kadi zilibaki chini ya magodoro ya watu na ndani ya masanduku ya marehemu.

Alizitafuta kimaskini. Alibadilishana, aliomba, alitoa kopi za bure ili mtu amletee za kaka yake. Kazini alikwenda kwa miguu, mchana alishindia chai kavu. Siku ambayo mchumba wake Erica alimpa hela ya godoro naye akarudi na bahasha ya kadi, Erica alifunga nguo zake kwenye shuka akaenda zake. Sila aliumia. Lakini jioni ileile alizipanga kadi kwenye albamu, na uchungu ukapoa.

Ilibaki moja tu ili timu zote zikamilike: kipa Abdulrahim, jezi ya kijani, ameukumbatia mpira kifuani kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Kwenye kundi lao la WhatsApp mwenye kadi hiyo alikuwa Apolinari, mfanyabiashara wa Arusha, naye alitaja bei ya kununulia ng'ombe. Sila alipojaribu kumbembeleza, Apolinari alimjibu mbele ya wote: "Ndugu yangu, mambo mengine si ya kila mtu. Wewe kusanya vifuniko vya soda." Kundi zima lilicheka. Sila naye alituma alama ya kucheka, kisha akaenda nyuma ya duka akasimama huko mpaka wateja wakaanza kugonga meza.

Aliyemfungulia njia ni Hashimu, dereva wa pikapu aliyekuwa akileta alizeti kutoka Mlali. Siku moja akisubiri kopi ya leseni yake aliona kadi mbili tatu juu ya meza.

"Hizi mbona kuna mama jirani yetu anazo mkebe mzima," alisema. "Za mwanawe, Meshack. Yule kijana alikwenda machimboni Geita, akapotelea hukohuko. Mama kila siku anaufuta vumbi huo mkebe, hataki mtu auguse."

"Kuna kipa humo? Jezi ya kijani?"

Hashimu alifikiri. "Yupo. Meshack alikuwa akituringia naye."

Jumapili iliyofuata Sila alikuwa Mlali.

Alimkuta mama yake Meshack, Yudith kwa jina, uani akipukuchua mahindi. Alimwamkia kwa Kigogo, mama akaitikia kwa furaha, akamvutia kigoda. Sila alisema amesikia habari za kadi, na kwamba angezinunua kwa kile kidogo alichonacho. Mama alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Siuzi vitu vya mwanangu. Akirudi akaviulizia, nitamwambia nini?"

Hapo Sila angeaga. Alikuwa ameshainuka hata. Lakini kupitia mlango ulio wazi aliuona mkebe juu ya kabati, mkebe wa maziwa ya unga uliofunikwa kitambaa cha kufuma, na ulimi ukamtangulia.

"Mama, sikutaka kukushtua," alisema, akaketi tena. "Meshack ndiye aliyenituma."

Punje zilimdondoka mama mkononi. Hakupiga kelele. Alimtazama tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikilizia mvua ya mbali.

"Umemwona?"

"Krismasi iliyopita. Tulisoma wote sekondari, tukakutana hukohuko Geita. Simu yake iliibiwa, namba zote zikapotea. Na kurudi mikono mitupu anaona aibu. Aliniambia, pita kwa mama, unichukulie kadi zangu."

"Amekonda?"

"Hajakonda."

"Ameoa?"

"Ameoa, mama. Ana mtoto mmoja, wa kike."

"Anaitwa nani?"

Sila hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, akashika jina lililokuwa karibu.

"Anaitwa Yudith."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yalimtikisika muda mrefu, na alipojifunua uso wake ulikuwa wa mwanamke mwingine, mdogo kwa miaka mingi. Alichinja jogoo. Alisonga ugali, akampa Sila mapaja yote mawili, yeye akala mlenda huku akimtazama anavyotafuna. Wakati wa kuondoka aliutoa mkebe mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili, pamoja na kiroba cha karanga za kumpelekea Meshack.

Kwenye basi la kurudi Sila aliufungua. Kipa Abdulrahim alikuwa juu kabisa, pembe zote nne kali kama wembe. Karanga alizila yeye, wiki nzima.

Kwa muda fulani mama alipiga kila Jumapili, kwa simu ya jirani, namba aliyoachiwa na Sila. Sila alipokea mara ya kwanza, akasema salamu zimefika. Baadaye akaacha iite. Alipiga picha albamu iliyokamilika, akaituma kwenye kundi, na watu wa Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam wakampongeza mpaka simu ikaisha chaji. Apolinari aliandika neno moja: "Hongera." Sila alilisoma neno hilo mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma barua yoyote ya Erica.

Kisha asubuhi moja mama Yudith, aliyelipata duka kwa kuulizia, akasimama mlangoni. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kufunga. Alikuwa ameuza mbuzi wake wote, tiketi ya Geita ameshaikata, basi linaondoka kesho yake alfajiri. Kwenye mfuko alibeba gauni dogo la maua, lenye mkanda wa kufunga nyuma.

"Sijui kimo chake," alisema. "Nimemwambia fundi aache pindo refu, mama yake atalikunjua."

"Mama, machimboni si mahali pa mtu mzima kama wewe."

"Nakwenda kumwona aliyebeba jina langu. Nikimwona hata siku moja, inatosha."

Huo ulikuwa wakati wa kusema. Duka lilikuwa tupu, mashine imezimwa, mama ameketi mbele yake akipapasa lile gauni. Sila aliona maneno yote aliyotakiwa kuyasema. Aliona pia mkebe ukirudi Mlali, na nafasi tupu kwenye albamu, na Apolinari akiuliza kulikoni. Akasema moyoni kwamba mama atazunguka siku mbili, atachoka, atarudi akiamini mwanawe amehama. Basi alimtafutia mahali pa kulala kwa muuza chapati wa stendi. Alfajiri alimbebea mzigo, akamkalisha dirishani, akamwambia akifika aulizie Meshack wa Dodoma, anajulikana na kila mtu. Mama alimbariki kwa kumtemea mate mkononi, kama wafanyavyo wazee. Basi lilipoondoka Sila aliyafuta yale mate kwenye suruali.

Mama hakurudi baada ya siku mbili. Mahindi ya Mlali yalivunwa bila yeye. Aliporudi alikuja dukani moja kwa moja kutoka kwenye basi, amekonda, viatu vya kufunga vimeachana na soli. Alisubiri mteja wa mwisho atoke.

"Nilikwenda shimo kwa shimo," alisema. "Watu walinicheka, wengine walinipa chakula. Mwisho nikampata Mgogo mwenzetu mmoja. Alinipeleka mahali pamefukiwa, pameota majani. Shimo liliwaangukia masika, yeye na wenzake, miaka mitano imepita. Hawakuwatoa. Walimwaga udongo juu yao, wakachimba pembeni."

Sila alitazama vidole vyake.

"Hakuoa," mama aliendelea. "Niliuliza hilo pia. Niliuliza kila mtu habari za mtoto."

"Mama, naomba unisamehe."

"Sikuja kuombwa. Nimekuja kuchukua mkebe. Sina mwili wa kuzika. Mchungaji amekubali tuzike vitu vyake. Na wewe utakuja. Utasimama mbele ya watu, useme mlivyosoma wote."

"Lakini, mama, sikusoma naye."

"Najua. Ndugu zangu hawajui. Mwanangu hana rafiki hata mmoja wa kumsemea kaburini. Ulinidanganya kwa ajili ya karatasi. Sasa danganya kwa ajili yake." Alishika meza akasimama. "Mkebe utakuja nao siku hiyo. Niletee zote, Sila."

Alizileta zote isipokuwa moja. Kabla ya siku hiyo aliizungukia albamu kwa jioni kadhaa, akiitoa kadi ya kipa na kuirudisha. Mwishowe aliiweka kwenye mashine ya duka, akatoa kopi yake kwa karatasi nzito pande zote mbili, akaikata kopi hiyo, akaisugua sakafuni mpaka weupe mpya ukafifia. Kaburini itaonwa na nani? Ndivyo alivyojiambia. Alikuwa fundi wa kazi hiyo, na kopi ilitoka vizuri.

Mlali watu walijaa. Sila alisimama kando ya kaburi fupi, la kutosha sanduku la nguo, akasimulia habari za Meshack. Alisema alikuwa kipa wa shule. Alisema aliwahi kuzuia penalti tatu, na kwamba alipenda kugawa chakula chake. Sauti ilimkwama kweli katikati, na wanawake waliposikia imekwama wakaanza kulia. Wajomba wa Meshack walikuja wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine. Mama Yudith alimsikiliza bila kufumba macho.

Ndipo mchungaji akamwita Priska, dada wa marehemu, aweke mkebe sandukuni. Priska alikuwa mwalimu Kondoa, amefika usiku uliopita. Aliufungua ili autazame mara ya mwisho. Aliishika kadi ya kipa, akaigeuza, akaikwangua kidogo kwa ukucha, akainusa. Kisha akainua macho, akamtafuta Sila katikati ya watu mpaka akampata.

"Vipi, mwanangu?" mama aliuliza.

"Hamna kitu, mama. Ndiyo hiihii."

Akairudisha, akafunika, akaweka juu yake lile gauni la maua. Udongo ukarudishwa.

Priska alimfikia Sila barabarani akisubiri gari.

"Tuliinunua kadi ile mimi na yeye," alisema taratibu. "Bigijii nilitafuna mimi, kadi akachukua yeye. Ile uliyoleta inanuka wino. Nikisema, mama atataka kaburi lifukuliwe, na akilifukua hatabaki mzima. Kwa hiyo sitasema. Ile ya kweli baki nayo."

Sila alibaki nayo. Ilikaa palepale kwenye albamu. Kundi lilimwomba picha nyingine, akatuma. Lakini kila alipofika ukurasa ule mkono ulikuwa mzito, na ikafika mahali hakufungua tena albamu. Chai kavu ya mchana ilimshinda. Ikawa akiona mama mtu mzima anapita na mzigo kwenda stendi, yeye anaingia nyuma ya duka.

Msimu wa kupanda ulipoanza alipanda gari la Mlali, kadi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya shati. Kaburi lilikuwa limesakafiwa kwa saruji, jina la Meshack limeandikwa kwa msumari kabla haijakauka. Priska, aliyekuwa likizo, alimkuta getini.

"Nimeileta," Sila alisema. "Ichukue wewe. Itunze tu."

"Niitunze wapi, mama asiione? Meshack amezikwa, na kipa wake amezikwa naye. Mama analala siku hizi. Unajua ni tangu lini hakuwa akilala?"

"Basi niichome?"

"Usinipe mimi kazi ya kukuchagulia."

Ndani mtu alikohoa, na sauti ya mama Yudith ikauliza ni nani yupo mlangoni.

"Ni mtu anauliza njia, mama," Priska alijibu, akasukuma geti likafunga.