Kompyuta ya Tundu Moja

Injinia Nubia Echeverri alikuwa na ulimi mzuri na mgongo mbaya, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilimlazimu kuvitumia vyote viwili. Alikuwa akipanda milima ya jimbo la Caldas kwenda kuwaeleza wanakijiji habari za madaraja, maana ofisini kwao ilikuwa sheria: hakuna daraja linalojengwa kabla wenyeji hawajakaa, wakaelezwa, wakanyoosha mikono. Laptopu yake ya zamani ilikuwa nene kama tofali. Ilimkandamiza mpaka daktari akamwambia, "Mama, chagua. Ama mzigo huo, ama uti wa mgongo."

Akachagua uti wa mgongo. Aliingia dukani mjini Manizales, akatoka na laptopu nyembamba kiasi kwamba mara mbili njiani alisimama kufungua mkoba, kuhakikisha bado imo.

Dada yake, Consuelo, aliigeuza huku na huku mezani.

"Mbona ina tundu moja tu?"

"Ndiyo mtindo wa siku hizi."

"Na hilo moja ni la nini?"

"La kila kitu."

"Kwa zamu?"

Nubia akamwambia wivu utamzeesha. Muuzaji alikwisha mweleza kwamba matundu ni mambo ya kizamani, siku hizi kila kitu kinapita hewani. Nubia hakuuliza kama hewa ya La Cumbrita huwa inapitisha kitu kingine zaidi ya ukungu.

La Cumbrita ilikuwa imekatwa na mto katikati. Watu walivuka ndani ya kisanduku cha mbao kinachoning'inia kwenye waya, wazee kwa watoto wa shule, na ikinyesha mvua nzito kisanduku hakiendi. Daraja lingeweza kujengwa mahali pawili: juu, penye mwamba, au chini, mbele ya duka la Don Libardo Quiceno. Don Libardo alitaka chini. Kwa mwezi mzima alikuwa akimkaribisha kila mteja kahawa ya bure na kumweleza kwamba mwamba ule wa juu una nyoka.

Siku ya mkutano Nubia alishuka kwenye gari la abiria, akapanda mlima kwa miguu saa moja na nusu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alifika shuleni, penye mkutano, bila kutafuta ukuta wa kuegemea. Furaha ikampanda kichwani. Mwenyekiti wa kijiji, Doña Rosmira Tabares, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo, alipoiona ile laptopu alikataa kuamini ni kompyuta.

"Hiki ni kisahani, injinia. Leta mizani!"

Ikaletwa mizani ya kahawa. Sindano haikufika kilo moja.

"Kuku wangu mtagaji ana uzito kuliko hii!" Doña Rosmira akatangaza, na wote wakataka kuishika.

Mtu akiwa na kitu kipya, na watu sitini wanakishangaa, atafanya nini? Nubia aliifungua. Akawaonyesha picha ya daraja inayozunguka yenyewe. Akawaonyesha vinyago vya sherehe za mji wa Riosucio, akawaonyesha na arusi ya mwanawe, keki kwa keki, na bibi mmoja aliyeipenda nguo ya bibi harusi akaomba irudiwe tangu kanisani. Dakika arobaini zikayeyuka hivyo.

Ndipo akachomeka projekta ya shule. Alikuwa amenunua kiunganishi maalumu, kijimkia kifupi, upande mmoja chembamba cha kuingia kwenye laptopu, upande wa pili kipana cha waya wa projekta. Picha ikawaka ukutani. Watu wakapiga makofi. Nubia akainama kusoma pembeni mwa kioo: betri, asilimia tisa.

Akatoa waya wa chaji. Akatazama kushoto mwa laptopu, akatazama kulia. Akainua na kuchungulia chini, kama mtu aliyepoteza hereni.

"Unatafuta nini, binti yangu?" akauliza Doña Rosmira.

"Tundu."

"Si hilo hapo?"

"Hilo lina projekta."

"Basi toa projekta, weka moto."

"Nikiweka moto, hamtaona kitu."

"Na tukiona kitu?"

"Moto hakuna."

Doña Rosmira akamgeukia jirani yake akasema, taratibu kwa kipimo chake, yaani nusu ya ukumbi ilisikia, "Masikini, wamemuuzia nyumba ya mlango mmoja."

Don Libardo alikuwa amekaa mbele, kofia magotini. Akatabasamu kwa upole mkubwa. "Injinia, tumia ya kwangu. Ni ya dukani, ni mzee mwenzangu, lakini ina matundu kama chungio." Akamtuma mpwa wake, na baada ya muda likaja dude jeusi, lenye feni inayonguruma kama trekta. Akatoa na flashi mfukoni. "Weka picha zako humu, tuhamishe."

Nubia akaielekeza flashi kwenye tundu la laptopu yake. Ilikuwa sawa na kulisha sindano ndizi. Akajaribu kutuma kwa hewa. Mtandao haukuwepo, na mashine ya Don Libardo haikujua hata kuwa kuna namna hiyo.

Juu ya bati mvua ikaanza kugonga. Watu wa ng'ambo wakatazamana. Kusubiri chaji ijae maana yake mto nao ungejaa, wakalale huku kwa shemeji zao.

"Nitaeleza haraka," akasema Nubia. Alikuwa na picha sitini na nne. Kwa kawaida alihitaji saa mbili, na vichekesho vitatu.

Akaanza mbio. Picha ya kwanza, mto. Picha ya pili, mwamba. Doña Rosmira alikuwa amekaa karibu na laptopu, akajipa kazi ya kutangaza betri kama mtangazaji wa mpira. "Saba! ... Sita, injinia, kanyaga!"

Hapo Don Libardo akanyoosha mkono. "Nina kaswali kadogo."

Kaswali kalianzia kwa babu yake, aliyekuja kutoka Antioquia na nyumbu wawili, mmoja kilema. Kakapita kwenye mafuriko, kakaeleza ndoa ya shangazi, kakarudi kwa nyumbu.

"Nne!" Doña Rosmira akapaza sauti. "Libardo, babu yako tunamjua, alikufa akidaiwa na baba yangu! Uliza!"

"Nafika, dada yangu, nafika. Sasa yule kilema..."

"Tatu! Mzibeni mdomo!"

Nubia akabonyeza picha ya tatu, mto pale chini dukani, maji mapana yanayong'aa juani. Alikuwa anafungua kinywa kueleza ubaya wake kioo kilipozimika. Ukuta ukarudi kuwa ukuta.

"Kwa hiyo," Don Libardo akasema, akisimama kuvaa kofia, "picha ya mwisho tuliyoonyeshwa na serikali ni pale chini. Na panapendeza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nubia naye angecheka kama aibu isingekuwa yake. Masikio yalimwaka. Aliona wale wa ng'ambo wakikusanya miavuli, aliona watoto wao wameketi kwenye madirisha na viatu vya mpira, na akajua kwamba wakitoka leo bila kura, jina la La Cumbrita litateremka mpaka chini ya orodha ya ofisi, miaka miwili mingine ya kisanduku.

"Sasa hicho kisahani," akauliza Doña Rosmira, bila ubaya, "kikizimika kina faida gani?"

"Ni chepesi!" Nubia akafoka, akakinyanyua juu kwa vidole viwili. Watu wakacheka tena. Yeye alibaki amekishika hewani, akikitazama kwa ubavu: kirefu, chembamba, kimenyooka. Alikitazama hivyo mpaka kicheko kikaisha.

"Nipeni vitabu vya hesabu," akasema.

Akapanga vitabu marundo mawili mezani, akavua ruana yake, joho zito la sufu la buluu, na kuitandaza katikati. "Huu mto. Hapa ni juu, penye mwamba." Akaifunga laptopu na kuilaza juu ya marundo. Ikashika huku na huku, na upana wa kidole ukazidi kila upande. "Ofisi imetupa nyaya za mita arobaini na mbili. Zimeshakatwa, haziongezwi. Hili ndilo daraja lenu. Sasa twende dukani kwa Don Libardo."

Akasogeza rundo moja mbali, mpaka ruana ikanyooka yote. Akashika laptopu, upande mmoja akauegemeza kitabuni, upande wa pili akauachia. Laptopu ikatumbukia. Ukumbi mzima ulisema "Ay!" kwa pamoja, na Doña Rosmira akaidaka kwa aproni.

"Wamekufa wote," akasema mzee mmoja nyuma.

"Na nyumbu?" akauliza mwingine.

"Hata nyumbu."

Wakamtaka arudie. Akarudia. Wakaja mezani kujionea. Laptopu ikarudishwa juu ya mwamba, na mzee akaweka kikombe cha kahawa katikati, akisema huyo ni yeye anakwenda kanisani. Mwingine akaweka arepa, mkate wa mahindi. Don Libardo, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa kimya, akatoa mfukoni bonge la sukari guru na kulibwaga juu.

"Huyo ni ng'ombe wangu."

Laptopu ikabonyea kidogo. Lakini ikasimama.

"Kapita!" wakapiga kelele watoto.

Kura zilikuwa hamsini na nne kwa mwamba. Waliokataa walikuwa watatu, wote wa ukoo wa Quiceno. Don Libardo mwenyewe alinyoosha mkono kwa mwamba mwishoni kabisa, na mkewe alipomkodolea macho akasema bega lilikuwa linamuuma, alikuwa analinyoosha tu.

Nubia aliteremka mlima mvuani, laptopu chini ya ruana, mgongo mzima kama wa msichana. Alipoiwasha nyumbani, mstari wa kijani ulikuwa umekatiza kioo juu hadi chini. Muuzaji aliutazama sana, akauliza umesababishwa na nini. Nubia akasema ng'ombe. Dhamana, ikaonekana, haikuwa na kifungu cha ng'ombe.

Hakuirudia ile nene. Alinunua kiunganishi chenye matundu saba, waya wa akiba, betri ya kubeba na mfuko wa kutilia yote hayo. Consuelo aliupima jikoni: ulizidi laptopu kwa uzito mara mbili. Hata hivyo mzigo huo uligawanyika vizuri, nusu begani, nusu mkononi, na mgongo haukulalamika.

Wiki tatu baadaye alipanda na mafundi kwenda kupima mwamba. Walikuta kibanda kipya cha bati, benchi, sufuria ya kahawa inayochemka, na Don Libardo amevaa aproni.

"Karibuni, karibuni! Nyoka nimewafukuza wote," akasema. Kisha akamvuta Nubia pembeni, akamwonyesha vigingi vya msingi na kushusha sauti. "Ila injinia, mwenzangu, hicho kigingi cha mwisho hakiwezi kusogea kidogo? Kimenikalia mlangoni."